Tumbo Linalouma Siku za Shule: Ustahimilivu wa Mwanafunzi na Nafasi ya Mhudumu wa Afya

Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wanamfahamu vema mgonjwa huyu. Ana umri wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, ameletwa na mama au bibi yake, naye analalamika tumbo. Mwezi huo amekwisha kuja mara mbili. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea, choo na mkojo havina tatizo, dawa ya minyoo ameshameza. Maumivu humshika alfajiri, hulegea kufikia saa nne, na siku za Jumamosi na Jumapili hayapo kabisa. Mara nyingi mazungumzo hukomea hapo: mtoto hupewa parasetamoli, mzazi huambiwa kwamba mwanawe hana kitu, na njiani kurudi nyumbani mtoto husemwa kwa uvivu na kujifanya.

Makala haya yanahusu kile kinachopitwa katika mazungumzo hayo. Yatamweleza mhudumu wa afya, na pia mzazi, namna shule inavyoweza kumjenga au kumvunja mtoto kihisia, na kwa nini anayekaa katika chumba cha matibabu ana sehemu katika jambo ambalo kwa kawaida huachiwa walimu. Uzito wake unaonekana katika takwimu za Shirika la Afya Duniani: kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawafiki kwa daktari wa magonjwa ya akili. Wanafika zahanati, na wanafika na tumbo.

Neno lenye pande mbili

Wataalamu wa elimu na afya ya akili hutumia neno ustahimilivu kumaanisha uwezo wa mtu kupitia shida na kurudi katika hali njema ya kuishi, kujifunza na kuhusiana na wenzake. Ni neno zuri, lakini katika masikio ya wengi wetu kustahimili na kuvumilia ni ndugu wa tumbo moja, na kuvumilia tumekufundishwa kwa maana ya kunyamaza. Mtoto wa kiume anaambiwa asilie. Mtoto wa kike anaambiwa ajikaze. Anayechapwa hadi kuvimba mikono anaambiwa kwamba hata sisi tulichapwa na leo tu watu. Kwa hiyo mwalimu akiambiwa kwamba serikali au shirika fulani linataka kujenga ustahimilivu wa wanafunzi, anaweza kuelewa, bila kosa lolote la lugha, kwamba anatakiwa kuwafanya wawe wagumu.

Utafiti unaonyesha jambo tofauti. Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, watafiti walianza kuwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka huo. Mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliandika habari zao kwa miongo kadhaa. Takribani theluthi moja ya watoto hao walizaliwa na kulelewa katika mazingira ya hatari: umaskini, matatizo ya uzazi, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ya akili nyumbani. Kati ya hao waliokuwa hatarini, mmoja katika kila watatu alikua akawa mtu mzima mwenye uwezo, mwenye kujiamini na mwenye kuwajali wengine. Walipoulizwa na kuchunguzwa wana nini ambacho wenzao hawana, jambo moja lilijitokeza tena na tena: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyempokea bila masharti. Si lazima awe mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, jirani, na mara nyingi mwalimu. Tena wengi walioonekana kuharibikiwa wakiwa na miaka kumi na minane walikuwa wamejipata kufikia miaka thelathini na ushei, kwa hiyo mtu asiharakishe kumkatia kijana tamaa.

Ugumu, basi, haukuwa siri yao. Walikuwa na mahali pa kuegemea.

Tumbo joto

Turudi kwa mtoto wetu, kwa kuwa maumivu yake ni ya kweli na yana maelezo ya kifiziolojia. Ubongo unapohisi hatari, sehemu ndogo iitwayo amigdala hupeleka ishara ambayo huamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Adrenalini huongeza mapigo ya moyo na kuelekeza damu kwenye misuli, nayo kotisoli huandaa mwili kwa mapambano marefu zaidi. Damu inayokwenda kwenye utumbo hupungua, mwendo wa utumbo hubadilika, na mishipa ya fahamu ya tumbo huwa mepesi kuhisi maumivu. Mwili haubagui kati ya chui na mwalimu wa zamu aliyesimama langoni na fimbo, au kundi la wanafunzi wakubwa wanaomnyang'anya mtoto nauli kituoni. Hali hiyo ikijirudia kila asubuhi, usingizi huvurugika, umakini darasani hupungua, na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima mambo na kuzuia papara, hufanya kazi kwa taabu. Sehemu hiyo kwa kawaida haikomai hadi mtu avuke miaka ishirini. Mtoto huyu hakumbuki somo, anachapwa kwa kutokumbuka, na kesho yake tumbo linauma zaidi.

Wazee wetu waliligundua hili bila maabara. Mtu mwenye hofu husema ana tumbo joto. Mwenye huzuni moyo humuuma, mwenye mashaka roho humdunda. Kiswahili huziweka hisia ndani ya mwili, na mtoto wa Kiswahili anaposema tumbo linamuuma huenda anasema kwa usahihi kabisa kile anachokihisi. Kazi ya anayemsikiliza ni kuuliza swali la pili.

Kuna ugumu mwingine wa lugha. Salamu zetu zina majibu yaliyokwisha kuandaliwa. Mtoto akiulizwa hujambo atasema sijambo hata kama jana amefiwa, na kijana wa sekondari atasema poa. Adabu inataka hivyo. Hata hivyo msamiati wa hisia tunao kwa wingi: huzuni, simanzi, majonzi, soni, aibu, fedheha, kinyongo, kijicho, hamaki, ghadhabu, upweke, unyonge, fadhaa. Tofauti kati ya aibu na fedheha, au kati ya hasira na kinyongo, ni elimu kamili ya saikolojia, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuifundisha ndani ya somo lake bila kungoja mtaala mpya. Mtoto anayeweza kusema "nina kinyongo na Juma kwa sababu alinicheka" ana njia ya kuyamaliza ambayo mwenye neno moja tu la "hasira" hana.

Hapo ndipo unapoanza ujifunzaji wa kijamii na kihisia. Nchini Marekani, shirika la CASEL, lililoanzishwa mwaka 1994, limeugawa katika stadi tano: kujitambua, kujimudu, kuwatambua wengine, kujenga mahusiano, na kufanya uamuzi wa busara. Msomaji aliyepitia masomo ya stadi za maisha hataona jipya kubwa, nami sioni sababu ya kuubishia mgawanyo huo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya matokeo ya programu 213 zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 270,000, wengi wao wa Marekani. Waliofundishwa stadi hizi walikuwa na tabia bora na msongo mdogo, tena walipanda katika masomo yao kiasi cha nafasi 11 katika kila wanafunzi 100 wakilinganishwa na wasiofundishwa. Mzazi anayehofia kwamba kuzungumzia hisia ni kupoteza muda wa hesabu atazame tarakimu hiyo.

Yaliyojaribiwa karibu nasi, na yasiyofaulu

Programu za ng'ambo hazihamishwi kama mche wa mgomba. Darasa lenye wanafunzi sabini na mwalimu mmoja lina mipaka yake. Hata huko ng'ambo si kila jambo hufaulu: nchini Uingereza, jaribio kubwa lililohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 85 lilifundisha mazoezi ya utulivu wa akili, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba hayakuwasaidia wanafunzi kuliko mafunzo ya kawaida ya shule zao. Wengi hawakuyafanya mazoezi hayo nyumbani. Somo la hisia linalotolewa kwa wote kama chanjo, bila kugusa maisha ya shule yenyewe, lina nguvu ndogo kuliko tunavyotamani.

Karibu nasi, jaribio linalostahili kusomwa kwa makini ni lile la wilaya ya Luwero, Uganda. Shirika la Raising Voices lenye makao yake Kampala lilitunga mwongozo wa shule njema unaowahusisha walimu, wanafunzi, uongozi na wazazi katika kubadilisha namna shule inavyoendeshwa: kanuni za darasa zinazotungwa pamoja, adhabu zinazomfunza mtoto pasipo kumpiga, mahakama za wanafunzi, visanduku vya maoni, sifa zinazotolewa hadharani. Mwongozo huo ulipimwa katika shule za msingi 42, nusu zikiutumia na nusu zikingoja. Baada ya miezi kumi na minane, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zilizoutumia, na karibu asilimia 49 katika zile zilizongoja. Watoto walijisikia salama zaidi shuleni. Alama za matatizo yao ya akili na za masomo, hata hivyo, hazikutofautiana na za wenzao, na ni vema kulisema hilo wazi: kuacha kupiga ni mwanzo, na vidonda vilivyokwisha kuingia havifutiki kwa miezi kumi na minane.

Jambo lililonigusa zaidi katika ripoti ya Luwero si asilimia hizo. Ni kwamba watoto 434 walilazimika kupelekwa kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kutokana na yale waliyowaeleza watafiti walipoulizwa. Watu wazima waliokuwa nao siku zote hawakuwa wameuliza.

Tanzania Bara bado inaruhusu viboko shuleni chini ya kanuni za mwaka 2002, zinazoweka kikomo cha viboko vinne na kumtaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, ndiye avitoe. Anayezijua shule zetu anajua umbali uliopo kati ya kanuni na ua la shule. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Kenya na Uganda zimekataza kwa sheria, ingawa fimbo hazijaisha. Si haki kuwabebesha walimu peke yao lawama hii. Wengi hawakuwahi kuonyeshwa njia nyingine ya kutuliza darasa kubwa. Wanapoonyeshwa hubadilika, kama ilivyoonekana katika shule za sekondari za umma nchini Tanzania ambako mafunzo ya chini ya wiki moja kuhusu mahusiano ya mwalimu na mwanafunzi yalipunguza ukatili, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2018.

Kwa vijana ambao tayari wana dalili za sonona au wasiwasi uliozidi, Kenya imetoa mfano wa aina nyingine. Taasisi ya Shamiri, ambayo jina lake ni kitenzi chetu cha kustawi na kunawiri, huwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni, wasio na shahada yoyote ya saikolojia, kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi. Mikutano ni minne, saa moja kila wiki. Hawataji ugonjwa. Huzungumzia namna uwezo wa mtu unavyokua kwa juhudi, hufanya mazoezi ya kushukuru, na kila mmoja huandika yale anayoyathamini maishani na jinsi atakavyoyaishi. Katika jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa mwaka 2021, walioshiriki walipungukiwa na dalili kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea, na tofauti hiyo ilikuwapo hata baada ya miezi saba. Kwa nchi ambazo wataalamu wa afya ya akili ni wachache, matokeo hayo yana maana kubwa. Mtu wa kumwegemea anaweza kuwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyefunzwa vizuri.

Ndani ya chumba cha matibabu

Kwanza, ugonjwa wa mwili utafutwe kwa uaminifu. Kupungua uzito, homa inayorudi, kutapika damu au nyongo, upungufu wa damu, maumivu yanayomwamsha mtoto usiku au yanayokaa mahali pamoja mbali na kitovu, ni ishara za kuendelea kuchunguza. Kichocho, maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya tumbo visisahaulike, wala ujauzito kwa msichana aliyebalehe. Kwa kichwa kinachouma, macho yapimwe. Wapo watoto wanaoitwa wavivu miaka yote ilhali ubao hawauoni.

Uchunguzi ukiwa safi, neno "hana kitu" lisitamkwe. Mzazi aambiwe kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Maumivu anayo kweli. Tumehakikisha tumbo lake halina ugonjwa wa hatari. Mwili wa mtoto huuma pia pale moyo unapoelemewa, na tungependa kujua ni nini kinachomwelemea." Kisha mhudumu aombe nafasi ya kuzungumza na mtoto peke yake kwa dakika chache, akimweleza kwamba yatakayosemwa yatabaki kwao isipokuwa akiona maisha au usalama wake uko hatarini. Ahadi ya siri isiyo na mpaka haifai kutolewa, kwa sababu siku ya kuivunja mtoto atajifunza kutomwamini mtu mzima yeyote.

Maswali mazuri ni ya kawaida na yanaanzia mbali. Asubuhi unakwenda shule na nani? Njiani kuna mahali hupapendi? Wakati wa mapumziko unakaa na nani? Umekula nini leo? Somo gani hulitaki, na ni somo au ni mwalimu? Likikupata jambo shuleni, nani utamwambia? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Mtoto anayetaja jina bila kufikiri ana mahali pa kuegemea. Anayenyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema "hakuna", ametoa taarifa ya kitabibu inayostahili kuandikwa kwenye kadi yake kama joto la mwili linavyoandikwa.

Hatua inayofuata ni kumtafuta mtu huyo. Kwa idhini ya mzazi na ya mtoto, barua fupi au simu kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, au kwa mwalimu yeyote ambaye mtoto anampenda, hufanya kazi kubwa kuliko chupa ya dawa. Barua haihitaji kueleza siri za nyumbani. Inatosha kuomba kwamba mtoto apokelewe langoni kwa jina lake, aruhusiwe kukaa kimya dakika tano akizidiwa, na mwalimu huyo azungumze naye kidogo mara mbili kwa wiki. Mtoto asiandikiwe mapumziko marefu ya kukaa nyumbani. Kila siku anayokosa shule huongeza hofu ya kurudi, na baada ya wiki mbili kurejea kwake huwa kazi ngumu kuliko mwanzo. Ila kama kinachomtisha ni ukatili unaoendelea, usalama hutangulia masomo, na afisa ustawi wa jamii aitwe.

Watoto wenye maradhi ya kudumu wanahitaji jambo hili mapema zaidi. Mwenye selimundu hukosa shule mara kwa mara na huitwa mdhaifu. Mwenye kifafa huanguka mbele ya wenzake na kuzinduka akikuta wamemkimbia kwa kudhani ugonjwa huo huambukiza kwa mate. Anayetumia dawa za VVU bwenini hujificha kuzimeza, na kuna siku hazimezi. Kila mmoja wao awe na mtu mzima mmoja shuleni anayeujua ugonjwa wake kwa ridhaa yake na ya mzazi, anayejua la kufanya akizidiwa, na anayemtazama kama mwanafunzi kabla ya kumtazama kama mgonjwa. Mzazi msomaji, usingoje kuulizwa. Mwanzoni mwa muhula nenda na mwanao, chagueni pamoja mtu huyo, na mpeni maelezo ya kliniki kwa maandishi.

Kuna wakati mtu wa kuegemea peke yake hatoshi. Mtoto asiyelala wala kula kwa wiki mbili, aliyejitenga na wenzake na michezo aliyoipenda, anayejikata ngozi, anayegawa vitu vyake, au anayesema afadhali asingezaliwa, aulizwe moja kwa moja kama anawaza kujiua. Kuuliza hakupandikizi wazo hilo. Mara nyingi huleta nafuu. Akikubali kwamba anawaza, asiachwe peke yake, sumu za shambani na dawa ziondolewe karibu naye, na apelekwe siku hiyohiyo katika hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Aliyepigwa au kuingiliwa kimwili apokelewe kama dharura, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo Tanzania, Kenya na Uganda, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ibandikwe ukutani mahali ambapo wanaosubiri dawa wataiona.